ASIYE NA HATIA HASAMEHEWI, HUOMBWA RADHI

Nataka, ndugu msomaji, nikuulize swali moja. Mtu akifungwa jela kwa kosa asilolitenda, kisha baada ya miaka mingi ikabainika kwamba hakulitenda, ni nani wa kumsamehe mwenzake? Serikali imsamehe yeye, au yeye aisamehe serikali?

Utasema jambo hili liko wazi hata kwa mtoto wa chuoni. Mwenye kusamehe ni yule aliyedhulumiwa. Naam, umesema kweli. Basi nipe sikio nikuonyeshe jinsi jambo hili lililo wazi lilivyopinduliwa miguu juu kichwa chini.

Mwaka 1982 mahakama ya Uganda ilimhukumu kunyongwa mtu mmoja wa upande wa Masaka, aitwaye Edward Edmary Mpagi, yeye pamoja na binamu yake. Walishtakiwa kwa kuua. Lakini huyo aliyesemwa kwamba ameuawa hakuwa maiti. Alikuwa hai, anakula na kunywa, na watu wanamwona kwa macho yao. Habari hizo ziliwafikia wakuu muda mrefu kabla wafungwa hao hawajapata faraja. Je, mlango wa gereza ulifunguliwa siku ile ile? La. Binamu yake alifia gerezani. Mpagi mwenyewe alikaa akingoja kitanzi, kila akisikia hatua za askari asijue kama zamu imekuwa yake, mpaka mwaka 2000 ndipo alipotoka. Na alitokaje? Alitoka kwa msamaha wa Rais.

Litazame neno hilo, ndugu msomaji. Msamaha! Mtu hakuua, na aliyesemwa ameuawa yu hai, naye ameliwa miaka yake zaidi ya 18, kisha anaambiwa: nenda, tumekusamehe. Wamemsamehe nini? Wamemsamehe kwa kuwa hakuua? Hakika hii ni dhulma juu ya dhulma. Ile ya kwanza ilimnyima uhuru, na hii ya pili inamnyima jina lake, kwa sababu anayesamehewa huwa amekiriwa kuwa ni mkosaji, na watoto wake huitwa watoto wa msamehewa.

KISA CHA NABII YUSUF (A.S.)

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwani tumelisoma tangu utotoni katika Sura Yusuf. Mke wa Mheshimiwa alimsingizia. Kanzu ikatazamwa, ikaonekana imechanwa kwa nyuma, na kila mwenye akili akajua ni nani aliyekuwa akikimbia na ni nani aliyekuwa akimfukuza. Ushahidi ulimtakasa Yusuf. Pamoja na hayo, Qurani inatueleza kwamba baada ya kuziona dalili zote hizo, wakubwa wale waliona heri wamfunge kwa muda. Kwa nini? Kwa sababu kumwacha huru ni kukiri kwamba nyumba kubwa imefanya aibu. Wakaona ni nafuu kijana mmoja wa kigeni aozee gerezani kuliko nyumba ya mkubwa isemwe. Basi tabia hii tunayoilalamikia leo si mpya.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo penye funzo. Ikapita miaka kadhaa, mfalme akaota ndoto, Yusuf akaifasiri, mjumbe akatumwa amtoe. Lau ingekuwa mimi na wewe, tungetoka mbio bila hata kuchukua viatu. Nabii Yusuf hakutoka. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake aulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Mfalme akawaita, akawahoji, wakakiri kwamba hawakujua ubaya wowote kwake, na mke wa Mheshimiwa naye akasema kweli mbele ya watu. Hapo ndipo Yusuf alipotoka, jina lake likiwa safi.

Nabii wa Mwenyezi Mungu aliukataa mlango uliokuwa wazi, akataka kwanza ukweli utamkwe na wale waliouficha. Alijua kwamba kutoka jela na kutakaswa ni mambo mawili mbalimbali.

KUKOSEA NA KUNG'ANG'ANIA

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hakimu hakosei, wala sisemi kwamba kila hakimu aliyekosea ni dhalimu. Hakimu ni mwanadamu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba hakimu aliyejitahidi akapata ana thawabu mbili, na aliyejitahidi akakosea ana thawabu moja. Yeye mwenyewe, ambaye wahyi ulimshukia, aliwaambia watu kwamba huenda mmoja wao akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake, akahukumiwa haki isiyo yake kwa sababu ya ufasaha wake, na kwamba anayechukua haki hiyo ya ndugu yake amechukua kipande cha moto. Ikiwa Mtume (s.a.w.) alisema hivyo, ni mahakama gani iliyoko chini ya mbingu iwezayo kusema kwamba yenyewe haikosei?

Na tukumbuke kisa kinachoelezwa na wafasiri katika Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Mtu mmoja wa ukoo wa Ubayriq, naye yuahesabiwa katika Waislamu wa Madina, aliiba deraya, kisha akamtupia wizi huo Myahudi. Jamaa zake wakaja wengi kumtetea mtu wao, na mambo yakaelekea kumwangukia yule asiye na kosa. Ndipo aya ziliposhuka kumtakasa Myahudi na kuwakemea waliomtetea mhaini. Ukoo mzima ulitaka heshima yake ihifadhiwe, na Mwenyezi Mungu akaihifadhi haki ya mtu mmoja asiye hata wa dini yao. Aya hizo zinasomwa misikitini mpaka leo, wala hakuna aliyesema kwamba kule kusahihishwa kuliushusha Uislamu.

Vile vile inapokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwandikia Abu Musa Al-Ash'ari akimwusia kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea katika haki leo, iwapo ameitazama upya akauona uongofu. Basi kosa la kwanza lina udhuru. Kuling'ang'ania baada ya kulijua ndiko kusikokuwa na udhuru.

HALI ILIVYO KWETU

Nayaandika haya nikiwa Kifanya, katika nyanda za juu za Njombe, ambako baridi huuma na watu hulima viazi na mahindi. Mfikirie mkulima wa hapa, asiyejua sheria, akikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo kwa sheria ya Tanzania lina kifungo kisichopungua miaka 30. Wakili hana, kwa kuwa mawakili wengi wako mijini na wanataka ada. Anasimama peke yake kumkabili mwendesha mashtaka aliyesomea kazi hiyo. Je, si yule yule mwenye ufasaha dhidi ya asiye na ufasaha, ambaye Mtume (s.a.w.) alituonya habari yake?

Wala hili si la kufikiria tu. Mjini Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama hiyo ilitoa hukumu katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania. Mtu huyo alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na mahakama ikaona kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, kwani kesi iliendelea bila yeye kupewa nafasi ya kujitetea, na hakupewa msaada wa wakili. Tarehe 3 Juni 2016 ikaja hukumu ya Mohamed Abubakari, naye ni wa miaka 30. Yeye alidai kwamba wakati wa tukio hakuwapo mahali pale, na mahakama ikaona kwamba dai hilo halikuchunguzwa kama ilivyopasa. Mahakama ya Afrika haikusema kwamba watu hawa hawana hatia, na mimi sisemi. Ilisema kwamba hawakusikilizwa kwa haki. Na asiyesikilizwa, utajuaje kama ana hatia?

Mashauri ya namna hii yaliifikia Arusha kwa wingi, na nchi iliyoshtakiwa mara nyingi zaidi ni Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji wa mahakama hiyo. Je, tulifanya nini? Mwezi Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lake la mwaka 2010 lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja mbele ya mahakama ile. Uamuzi huo ulianza kazi tarehe 22 Novemba 2020, na tangu siku hiyo mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya watu binafsi. Huu ni mfano wa mtu aliyeambiwa kwamba uso wake una taka, naye badala ya kunawa akakivunja kioo.

Ama ndani ya nchi, mwisho wa safari ni Mahakama ya Rufani. Ikikwisha kuamua, mtu anaweza kuomba marejeo ndani ya siku 60, tena kwa sababu chache zilizohesabiwa katika Kanuni ya 66 ya mwaka 2009, kama vile kosa lililo dhahiri katika kumbukumbu, au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, au hukumu kupatikana kwa hila. Ushahidi mpya haumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo akitokea mtu baada ya miaka 10 akakiri kwamba yeye ndiye aliyefanya, mfungwa aende wapi? Atabakiwa na mlango mmoja, nao ni Ibara ya 45 ya Katiba, yaani msamaha wa Rais. Tumerudi pale pale: asiye na hatia aombe kusamehewa!

Wala usidhani ni walioshindwa kesi peke yao. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walifikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 kwa mashtaka ya ugaidi. Wakakaa mahabusu miaka inayokaribia 7, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa. Mwezi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayaondoa mashtaka, wakarudi kwao. Hawakuhukumiwa kuwa na hatia wala hawakuhukumiwa kuwa hawana. Twashukuru kwamba walitoka. Lakini miaka ile ilikwenda wapi, na ni nani aliyesimama hadharani akaieleza familia ya kila mmoja kwa nini ilichukuliwa?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako wanaosema: "Mahakama ikikiri makosa, watu hawataiheshimu." Mawazo haya ni ya kale, na si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1974 mabomu yaliua watu 21 katika mji wa Birmingham, Uingereza, na mwaka 1975 watu 6 wa asili ya Ireland wakafungwa maisha. Walipotaka kuwashtaki polisi kwa kuwapiga, jaji mkubwa, Lord Denning, aliizuia kesi mwaka 1980, hoja yake kubwa ikiwa kwamba wakishinda itamaanisha polisi walisema uongo na kutesa watu, na jambo hilo ni la kutisha mno kulifikiria. Tazama! Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama ni aibu. Mwaka 1991 hukumu za watu wale zilifutwa na wakatoka, na aibu iliyokimbiwa ikaja ikiwa kubwa mara nyingi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila Waingereza walijifunza kitu. Kwa sheria ya mwaka 1995 waliunda tume ya kuzipitia upya kesi za jinai zinazotiliwa shaka, ikaanza kazi mwaka 1997, na hukumu nyingi zimefutwa kwa njia hiyo. Mahakama zao bado zimesimama.

Wengine husema: "Mnawatetea wahalifu na kuwasahau walioumizwa." Hapana. Sisi wa Njombe twajua uchungu wa damu. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa huu ulipatwa na mauaji ya watoto wadogo, wazazi wakaogopa hata kumtuma mtoto dukani. Watu walitaka wauaji wapatikane, na walikuwa na haki ya kutaka. Lakini nakuuliza, wewe uliye mzazi: katika msiba kama ule, ukimfunga mtu asiyehusika, umemlinda mtoto gani? Muuaji halisi yuko nje anakula na kulala, na msako umekwisha kwa kuwa watu wamesharidhika. Kumfunga asiye na hatia ni kumwachia huru mwenye hatia, wala hakuna mwenye kumtakia haki marehemu atakayefurahia hilo.

Na wako wengine, nao ni katika sisi wenye vilemba, wanaomwambia aliyeonewa: "Ni majaaliwa, ni mtihani wa Mola, subiri." Ndugu zangu, subira ni pambo la aliyedhulumiwa, ajipambe nayo mwenyewe akipenda. Si haki ya aliyedhulumu kumvisha mwenziwe. Kila jambo lina kadari yake, lakini Mwenyezi Mungu hakumwamrisha hakimu kuhukumu kwa kadari. Alimwamrisha kuhukumu kwa uadilifu.

TUANZE NYUMBANI

Huenda ewe msomaji wa Tanga au Mombasa, wa Unguja au Lamu, umefurahi kwa kuwa maneno haya yanaelekea serikalini. Usifurahi upesi. Serikali ni watoto wetu, wametoka katika nyumba zetu, na walichofanya ofisini wamekiona sebuleni.

Kipuli cha dhahabu kinapotea. Anashutumiwa binti anayefanya kazi ndani. Anapekuliwa sanduku lake, anafukuzwa usiku, mshahara wake unazuiwa, na jirani wote wanaambiwa kwamba ni mwizi. Baada ya mwezi kipuli kinaonekana nyuma ya kitanda. Ni nyumba ngapi zilizomtuma mtu kwa binti yule kumwomba radhi na kumlipa haki yake? Ni mama wangapi waliozunguka kwa jirani wale wale kusema, tulimsingizia? Hunyamaza wote, na kipuli huvaliwa arusini. Kadhalika chuoni, mwalimu humpiga mtoto asiyekosa, na akijulishwa ukweli husema, "Hiyo ni akiba ya kosa lijalo." Mtoto yule amejifunza siku ile kwamba mkubwa hakosei. Miaka 30 baadaye ndiye hakimu, ndiye polisi, ndiye mkuu wa gereza.

Wahenga walisema kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nami nazidisha: kulificha ni kulirudia kila siku.

Basi yatupasa kuyataka mambo matatu, na tuyatake kwa wazi, kwa adabu, kwa wabunge wetu na katika kila baraza.

La kwanza, ifunguliwe njia ya kisheria ya kuirudia hukumu pale unapotokea ushahidi mpya, hata baada ya rufani ya mwisho, na njia hiyo iwe mikononi mwa watu wasiokuwa katika kesi ile tangu mwanzo. Na tamko lililoondolewa Arusha lirudishwe.

La pili, anayebainika kwamba hakuwa na hatia atakaswe kwa hukumu iliyoandikwa na kusomwa hadharani, na alipwe. Ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania inazitaka mahakama zitoe fidia ipasayo kwa walioathirika kwa makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria. Isemwe kwa sheria kwamba dola nayo ni katika hao watu wengine.

La tatu, msaada wa wakili umfikie mtu wa kijijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilitungwa mwaka 2017, na mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Hayo ni mema, na mwenye kutenda jema asifiwe. Lakini sheria iliyo kabatini haimfai mtu aliye kizimbani.

Ama sisi majumbani, kila mmoja na amkumbuke mtu aliyemshutumu bure, amwendee kabla jua halijazama, aseme mbele ya wale wale waliosikia shutuma: nilikosea, nisamehe. Maneno hayo hayamvunji mtu mguu. Siku ya Kiyama kila haki itarudishwa kwa mwenyewe, na huko hakuna Mahakama ya Rufani, wala siku 60, wala msamaha wa Rais.

Mwenyezi Mungu awafariji walio gerezani bila ya hatia, awape wanaohukumu macho ya kuona na ulimi wa kukiri, na atujaalie sisi sote kuwa watu wanaorejea katika haki wanapokumbushwa. Amin.